Lori la Sabuni Lililovuka Karuma

Tangu nirudi, kila anayesimama mbele ya kikaango changu pale Kisugu, mtaa wa Kampala, ananiuliza neno moja: "Nairobi, Karuma alishinda au alishindwa?" Nimeanza kujibu mara nyingi, na kila mara ama chapati inaungua ama mteja anataka chenji yake. Basi nimekaa nikaandika. Mwenye haraka aruke aende mwisho, ila nadhani mwisho peke yake utamdanganya.

Kwa ambao hawatujui: Nairobi ni mimi. Mji wenyewe wa Nairobi nimelala usiku mmoja tu maishani, kwenye benchi la stendi ya basi. Kwetu ni Siaya, niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimekaa kila mahali isipokuwa Nairobi. Lakini Kisugu Mkenya yeyote ni Nairobi, na nimezoea.

Karuma ni Okello, dereva wa boda wa steji iliyo mkabala na kikaango changu. Okello ni jina ambalo hata kwetu lipo, la mtoto anayefuata mapacha. Karuma ni daraja la barabara ya kaskazini linalovuka Nile, na kwa watu wa Kampala kila kitu kilicho ng'ambo ya daraja hilo ni mahali pamoja. Uwe mtu wa kabila la Lango, uwe Mwacholi, uwe umetoka Arua, wewe ni Karuma. Lipo na jina baya zaidi. Mnalijua, nami siliandiki.

Mnakumbuka mtu huyu alivyokuwa akiitwa. "Karuma!" Anafuta kioo cha pikipiki. "Karuma!" Hapo ndipo anageuka, na tabasamu amelitengeneza tayari. Mwaka mzima nilidhani ana tatizo la sikio.

Alikuwa anakwenda kugombea uenyekiti wa kijiji chao. Uchaguzi huo ulikuwa haujafanyika kwa miaka mingi, na mjuavyo, hauna karatasi wala sanduku: wagombea wanasimama uwanjani na kila mtu anapanga mstari nyuma ya anayemtaka, mchana, macho ya jirani yakimwona. Okello alikuwa akirudi kwao kila msimu wa kulima, na kijijini bado anahesabiwa mkazi. Nafasi yake ya steji alishamwachia mtu mwingine.

"Nikishinda nabaki," aliniambia. "Nikishindwa, sijui nitakuwa mtu wa wapi."

Nikamwambia tutakwenda wote. Nikisikia barabara ambayo sijaipita, miguu inawasha.

KISUGU MPAKA KALERWE

Mwenyekiti wa steji, Ssalongo, tunayemwita hivyo kwa heshima ya mapacha wake, ndiye aliyetuaga.

"Karuma, wewe sasa ni mtu wa mjini. Hawa wa kyalo, huko kijijini, wananunuliwa kwa sabuni na chumvi. Kila mara sisi hapa tunachagua hivi, wao wanachagua vile, na wao ndio wengi. Wewe utawapa nini?"

"Nitawapa ukweli."

"Ukweli hautoi povu, ssebo!"

Steji nzima ilicheka. Okello naye alicheka, akachelewa kidogo kumaliza.

Tulipanda lori soko la Kalerwe. Dereva wake alikuwa Mzee Ramadhani, Mnubi wa Bombo, ambaye Okello aliwahi kumsaidia kupakia. Alikuwa anapeleka katoni za sabuni za miche kwa wenye maduka wa Lira. Nilipoona mzigo nilimtazama Okello, naye akanitazama, tukakumbuka maneno ya Ssalongo, tukacheka mpaka Mzee Ramadhani akauliza kama tumekunywa.

Hatukuondoka. Sokoni palikuwa pamezibwa na malori ya matoke, na aliyetuziba alikuwa amekwenda kula. Tukala na sisi: rolex, yaani mayai yaliyoviringishwa ndani ya chapati. Niliichunguza ile chapati kama fundi anavyochunguza kazi ya mwenzake. Ilikuwa nene, na sitasema zaidi.

Nilimwuliza Mzee Ramadhani kama na yeye ana jina wanalomwita.

"Mimi? Babu yangu aliletwa na Waingereza kutoka Sudan, na bunduki begani. Baba amezaliwa Bombo. Mimi nimezaliwa Bombo. Lakini kila serikali ikianguka, jirani ananiuliza, 'Ramadhani, mtarudi lini kwenu?'"

"Unamjibu nini?"

"Namwambia saa kumi na mbili, nikimaliza kazi."

LUWEERO

Tairi lilipasuka baada ya kupita mji wa Luweero. Mzee Ramadhani akaingia chini ya lori na jeki, akawa anatupigia kelele kwa Kiswahili tumletee hiki na kile. Kando ya barabara palikuwa na mama mmoja mtu mzima anayeuza mananasi. Alikuwa ametukaribisha vizuri kabisa, kisha nikaona uso wake unafungika.

"Mnasema Kiswahili," alisema kwa Luganda.

Luganda yangu ni ya sokoni, lakini nilimwelewa. Alisema hapendi Kiswahili kimfikie sikioni, kwa sababu waliokuja hapo na bunduki wakati wa vita walikuwa wakisema hicho hicho. Watoto wake wawili wa kiume walitoka kuteka maji. Alionyesha kwa kidevu njia waliyoishika, kama mtu anayemwelekeza mgeni dukani. "Wale wenye bunduki walikuwa watu wa huko juu," alisema. "Ng'ambo ya Kaluma," ndivyo alivyoitamka Karuma. "Na nyinyi mnatoka wapi, wanangu?"

Mimi nilikuwa nafungua mdomo. Okello akawahi, kwa Luganda safi kuliko yangu mara kumi:

"Sisi ni Wakenya, nnyabo. Wote wawili."

"Aa, Wakenya!" Uso ukafunguka. "Wakenya ni watu wa biashara, hawana neno na mtu." Akatukatia nanasi moja, akatuongezea jingine bure kwa kuwa ni wageni.

Nanasi la Luweero ni tamu, nyote mnajua. Nililila peke yangu. Lori lilipoondoka, Okello alilaza lile la pili juu ya katoni, akawa analitazama likibingirika kila tunapokata kona.

"Vita viliisha kabla sijazaliwa," alisema baadaye, bila mimi kuuliza. "Lakini nikitaja ninakotoka, hapo hapo nakuwa na umri wa kutosha kushika bunduki."

Kwetu kuna watu wa milimani na watu wa ziwani, na tumewahi kufukuzana kwa mapanga, lakini sijawahi kujificha ndani ya nchi ya mtu mwingine ili nile nanasi.

KARUMA

Kabla ya daraja palikuwa na kizuizi cha polisi. Nyani wamekaa barabarani kama wenye zamu, na akina mama wanauza muhogo wa kuchoma. Afande mmoja alipiga ubavu wa lori kwa kiganja.

"Sabuni ya nani hii?"

"Ya wenye maduka, afande. Lira."

"Na hawa walioko juu?"

"Nimewapa lifti tu."

Afande akainua macho. "Wewe. Unaenda wapi?"

Hapo ndipo ingetosha kusema "nyumbani". Mtu mwingine angesema hivyo. Lakini Okello alikuwa bado na lile nanasi mkononi, na nadhani alikuwa ameapa moyoni kwamba hatajificha tena. Alisimama juu ya katoni, akajibu kwa sauti ya mkutano wa hadhara:

"Naitwa Okello. Mimi ni mtu wa hapa, ng'ambo ya daraja. Naenda kugombea uenyekiti wa kijiji chetu."

Hata nyani waligeuka kumtazama.

"Mgombea," alisema afande polepole. "Na lori la sabuni. Teremka, mheshimiwa."

Tulikaa pale mpaka kivuli cha lori kikahama upande. Afande hakuwa mtu mbaya. Alitaka kumpata kwa simu mwenye duka mmoja wa Lira, na mwenye duka alikuwa msikitini, kisha akawa analala, kisha akawa hana mtandao. Mzee Ramadhani aliswali kando ya lori. Tulinunua muhogo. Mama aliyetuuzia aliniuliza kwa lugha yao kama sabuni ni ya miche au ya unga, na nilimjibu kabla sijagundua kwamba nimemwelewa. Kilango na Kijaluo ni ndugu, nilikuwa nimesikia, lakini kusikia na kujibu ni vitu viwili. Nilifurahi sana. Nilimweleza yule mama mambo mengi.

Hatimaye mwenye duka aliamka, akathibitisha mzigo wake, afande akatupungia mkono. "Utashinda, mheshimiwa!" alisema akicheka. Tulipovuka daraja, maji meupe yakinguruma chini, niligeuka nyuma. Yule mama wa muhogo alikuwa ameshika simu sikioni. Sikulifikiria.

KAMDINI MPAKA NYUMBANI KWA MAMA

Lori lilituacha njia panda ya Kamdini, nasi tukachukua pikipiki. Okello akiwa abiria ni mateso: alimwelekeza dereva kila shimo.

Kabla hatujafika kijijini tulisikia vigelegele. Akina mama walikuwa wamepanga kando ya njia, na wazee wamevaa makoti.

"Kampala amefika! Kampala!"

Nilidhani wanaushangilia mji. Kumbe ndiye yeye. Huyu mliyemwita Karuma kwa miaka yote, kwao anaitwa Kampala.

Mama yake ni mwanamke mwembamba, mwenye sauti ndogo ambayo watu huinama kuisikia. Alitupikia malakwang, mboga chachu yenye ufuta uliosagwa, na ugali wa ulezi. Nilipomwambia "erokamano", asante ya kwetu, alicheka akaziba mdomo, akaniambia mimi nasema kama mtu mwenye maji mdomoni. Kwao ni "apwoyo". Lakini maji yenyewe, tulikubaliana, ni "pii" huku na kule.

Majirani walikuja kutusalimu. Nikaona jambo: kila aliyekuja alikuja na beseni, na waliposalimu waliangalia mifuko yetu, kisha pembe za nyumba, kisha wakakaa. Walikaa sana. Mwisho mzee mmoja akasema, kwa upole mkubwa, "Basi mwanetu, hata kama zimebaki Lira, si neno. Zitakuja."

"Zipi, mzee?"

"Sabuni."

Habari ilikuwa imevuka daraja kabla yetu. Mama wa muhogo ameolewa kijiji cha jirani.

Okello alicheka, akaeleza lori lilikuwa la nani. Wakaitikia kwa vichwa. Kesho yake akaeleza tena, hakucheka. Kadiri alivyokana ndivyo sabuni ilivyoongezeka: kwanza katoni chache, baadaye lori zima, baadaye lori na tela. Wale waliopiga vigelegele walianza kusema kwamba watu wa Kampala wamezoea kula peke yao. Mama yake alinieleza kwa ile sauti ndogo: "Wameangalia chini ya kitanda changu, wakijifanya wanatafuta kuku."

Mwenyekiti wa siku zote, Mzee Ogwal, ambaye ndiye aliyekuwa mpinzani, alikuja mwenyewe kututazama. Alivaa mabuti ya mvua ingawa ardhi ilikuwa kavu. Aliwahi kuwa polisi mjini kabla ya vita, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri amri.

"Nairobi! Keti. Nyinyi wa mjini mnasema sisi tunanunuliwa kwa sabuni."

"Wanasema hivyo, mzee."

"Na sisi tunasema watu wa mjini wanakuja na sabuni. Sasa nani ameanza?" Alikuwa na kicheko cha kukohoa. Kisha akamgeukia Okello. "Kampala, nimesikia maneno yako. Badiliko, badiliko. Huko mna lami, mna taa. Mkitaka badiliko mnapiga honi barabarani, jioni mnarudi nyumbani. Hapa tumebadilishiwa mara ngapi? Kila badiliko lilikuja na bunduki, tukahamia kambini, tukarudi tukakuta nyasi. Mtu wa hapa akichagua yule yule wa jana, si mjinga. Anahesabu ng'ombe waliobaki."

"Mzee, bomba la maji limeharibika tangu nikiwa na pikipiki ya kwanza," alisema Okello. "Hilo nalo tusibadilishe?"

Mzee Ogwal alitazama mabuti yake. "Bomba," alikubali, "ni kweli."

Walibishana vizuri. Niliona kwamba Okello alikuwa na hoja, na mzee alikuwa na hoja, na majirani waliokaa na mabeseni hawakuwa wakisikiliza hoja ya mtu. Walikuwa wakisubiri tela.

UWANJA WA SHULE

Siku ya uchaguzi watu walikusanyika uwanja wa mpira wa shule. Mimi mgeni niliambiwa nikae nyuma ya goli, na nikakaa. Mzee Ogwal alisimama upande mmoja, mikono nyuma kama yuko gwaride. Okello alisimama upande wa pili, amevaa koti lake la boda lililofutwa vumbi.

Msimamizi alisema, "Pangeni," na kwa muda hakuna aliyesogea. Nyinyi mnaopiga kura sandukuni hamjui kitu hiki. Mtu anamtazama mkwewe, anamtazama aliyemwazima jembe, anamtazama anayepakana naye shamba, ndipo anainua mguu. Vijana walitangulia nyuma ya Okello wakiimba. Wazee wakaenda kwa Ogwal, bila haraka. Mistari ikarefuka, ikakaribia kulingana. Katikati walibaki watu kama wa kutosha mikeka miwili, wale wenye mabeseni, wakinong'ona. Na mama yake Okello alikuwa kati yao.

Kila mtu alikuwa anamtazama yeye. Nilisikia mwanamke akisema, "Sasa mwenye sabuni anakwenda kwa mwanawe."

Mama alijifunga kanga upya kiunoni. Akatembea. Alipita mbele ya mwanawe karibu kiasi cha kumgusa, akaendelea, akaenda akasimama nyuma ya mstari wa Mzee Ogwal.

Wimbo wa vijana ulikatika. Okello alifanya kama anavyofanya steji: mkono ulikwenda mbele kutafuta kitu cha kufuta, ukakuta hakuna kioo.

Waliobaki walimfuata mama, si wote, lakini wengi. Msimamizi alipita akiwagusa mabega. Okello alikuwa amepungukiwa na watu wa mkeka mmoja.

Kwa hiyo jibu mlilotaka ni hilo. Alishindwa.

Niliwakuta Okello na mama yake kando ya goli. Sitaandika yote, kwa sababu mengine walisema kwa haraka nikayakosa, na mengine hayakuwa yangu. Lakini haya niliyasikia.

"Mama, hata wewe?"

"Ungeshinda leo, ungeshinda na sabuni," alisema kwa ile sauti, na Okello ilibidi ainame. "Kila asubuhi wangekuja kuidai. Kwangu, si kwako. Sasa wameona kwamba mimi sina kitu cha kuficha. Mwenye lori la sabuni hawezi kukosa kura ya mama yake."

Okello aliinuka, akatazama barabara ya Kamdini. Nilijua anachofikiria: nafasi ya steji ina mtu.

Basi, kwa desturi yao, mwenyekiti akishachaguliwa hutaja hapo hapo wajumbe wa kamati yake, na watu wanakubali kwa kuinua mikono. Mzee Ogwal alitaja wa ulinzi, wa akina mama, wa vijana. Mikono ilipanda na kushuka. Alipofika mwisho alikohoa.

"Katibu wa habari," alisema. "Kampala."

Uwanja ukacheka. Mzee aliinua kiganja.

"Nisikilizeni. Habari ya mtu huyu ilitembea haraka kuliko lori. Na ilikuwa uongo, na imemla yeye mwenyewe. Nani mwingine hapa anajua habari inavyouma? Kampala, unakubali au unarudi mjini?"

Okello aliitazama tena barabara ya Kamdini, kisha akamgeukia mzee.

"Na bomba la maji?" akauliza.

"Bomba tutalizungumza."

"Leo."

"Leo, basi! Mtu wa mjini wewe. Lakini kazi yako ya kwanza ni hii: pita nyumba kwa nyumba uwaambie kwamba sabuni haipo."

Mikono ilipanda. Niliutafuta wa mama yake. Ulikuwa juu, na ulikuwa wa mwisho kushuka.

KURUDI

Nilirudi peke yangu kwa basi, na sina la kusimulia, kwani basi halikuharibika. Karuma nilimtafuta yule mama wa muhogo nimpe habari sahihi, akawa hayupo. Luweero tulipita mbio. Nilitoa kichwa dirishani, nikaona mananasi yamepangwa, na mtu ameyapa mgongo. Kama nitapita tena sijui nitamwambia nini yule mama. Pengine nitanunua nanasi moja tu, nimwambie ni la rafiki yangu, na akiuliza anatoka wapi, nitaona.

Jioni niliyofika, kabla wengi wenu hamjaja, Ssalongo aliniuliza, "Kwa hiyo wamemwuza kwa sabuni?" Nikamwambia sabuni haikuwapo. "Ilikuwapo," alisema, "wewe hukuiona." Alikuwa na uso ule ule wa wale wenye mabeseni, mpaka nikacheka.

Akachukua simu yake ampigie mwenyewe amsikie, akaweka sauti juu. Iliita muda mrefu.

"Karuma!" alipaza.

Tulisikia upepo, na chuma kikigongwa, kama watu wanafungua bomba.

"Karuma!"

"Ssalongo," ilisema sauti yake. "Habari za steji?"

Ssalongo hakuwahi kujibu. Kwa mbali, nyuma ya vile vyuma, mwanamke aliita mara moja tu, "Kampala!"

"Abino!" akajibu Okello papo hapo, yaani naja, na simu ikakatika.